Mtama wa Njiapanda

Kutangulia si kufika. Methali hii husemwa sana na watu walioachwa nyuma, wakijipoza roho huku wakimtazama mwenzao anavyotokomea mbele. Si vibaya, kila mtu na apate pa kujipoza. Lakini wahenga walioinena walikuwa wasafiri, si wavivu, nao walijua kwamba aliyetangulia ana mzigo asiouona, yaani wale wanaomfuata. Asipofika nao, hata akifika hajafika. Asiyeamini na asikilize yaliyomkuta Kibwana wa Bagamoyo.

Katika zama za Sayyid Barghash, njia za bara hazikuwa na gari wala reli. Watu walisafiri kwa miguu, msafara kwa msafara, na uhai wao wote ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja aitwaye kirangozi. Huyo ndiye aliyekwenda mbele, kavaa joho jekundu na kilemba cha manyoya, baragumu mkononi. Akisimama, wote walisimama. Akikaza mwendo, wote walikaza, mwenye nguvu na mgonjwa, mwenye mzigo na mwenye mtoto mgongoni. Msafara mkubwa ulinyooka kama utambi, na watu wa nyuma hawakumwona kirangozi wao tangu asubuhi mpaka kambini. Waliongozwa na alama alizowaachia. Kila alipofika njiapanda, kirangozi alikata tawi akalilaza katika njia isiyofuatwa, na kila aliyekuja nyuma alijua kuwa palipolazwa tawi hapapitwi. Sheria hiyo haikuwa na askari wa kuilinda. Ilitosha kwamba kila mtu alitaka kurudi kwao.

Kibwana alikuwa kijana wa Dunda, mtaa wa Bagamoyo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na hilo alilijua vizuri. Mama yake, Bi Miza, alikuwa amewalea watoto wa Bwana Humoud, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyepeleka misafara bara, kwa hiyo Kibwana alikulia katika nyumba ile. Alipobalehe, Bwana Humoud alimpeleka kwa kirangozi wake, Mzee Majaliwa, akafunzwe kazi.

Majaliwa hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Alinusa ugoro mchana kutwa, alipiga chafya nyingi, na maneno yake yalikuwa machache kama meno yake. Siku ya kwanza alimtazama Kibwana kuanzia utosini hadi vidoleni, akamwambia, "Misimu miwili utatembea mkiani."

"Mkiani, fundi? Pamoja na wapishi na wagonjwa?"

"Pamoja nao."

"Lakini mimi nimekuja kujifunza kutangulia, na wewe wanifunza kubaki nyuma!"

"Ukishajua kubaki nyuma, nitakufunza kutangulia," Majaliwa alisema. "Hilo la pili jepesi. Hata mbuzi hutangulia."

Watu waliokuwapo waliangua kicheko, na kicheko kile kikamkaa Kibwana kooni kama mwiba wa samaki. Alitembea mkiani safari moja fupi tu, akila vumbi la wenzake na kubeba masufuria ya Bi Mwaija, mpishi wa msafara, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili alizotwanga. Kisha akaenda kumlalamikia mama yake. Mama akamnong'oneza Bwana Humoud. Bwana Humoud akatoa neno, na Kibwana akahamishwa mbele kushika bendera. Majaliwa hakubisha. Alipiga chafya, akasema, "Haya, mwenye mali ndiye mwenye neno."

Huko mbele Kibwana alijifunza mengi kwa kutazama. Alijifunza milio ya baragumu, vituo vya maji na majina ya wenye vijiji. Jambo moja tu lilimchukiza. Majaliwa alipotaka kuziba njia hakukata tawi lolote lililokuwa karibu. Aliyapita matawi mazuri yenye majani tele, akatoka nje ya njia kutafuta mnyaa, ule mti wa maziwa machungu wanaozungushia nyua, akaukata kwa taabu huku utomvu ukimchoma mikono. Wakati mwingine alibeba fungu la mnyaa tangu kambini, akalifunga kwenye mkuki. Kibwana, ambaye alikuwa amehitimu chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, alilitazama jambo hilo kwa jicho la chini. Alijua kwamba watu wa bara hupanda mnyaa makaburini na mipakani, na hapo hapo akakata shauri kwamba mzee anafanya uganga. "Astaghafirullahi," alijisemea, "nitakapoishika kazi hii mimi, ushirikina huu hautakuwapo." Kuuliza hakuuliza. Aliona haya kumwuliza mshirikina sababu za ushirikina wake.

Ilitokea mwaka mmoja Ramadhani iliangukia mwisho wa masika. Msafara wa Bwana Humoud ulikuwa umekwenda milima ya Unguu kwa njia ya Saadani, ukarudi kwa njia ya Lugoba, ukiwa na pembe za ndovu. Mbele yao, mwendo wa siku moja, ulikuwa msafara wa Bwana Muhanna, mshindani wake. Shaabani ilikuwa ukingoni. Kila mpagazi alikuwa akiota kuvunja jungu nyumbani kwake, ale na wanawe karamu ya mwisho kabla ya mfungo, naye Bwana Humoud alikuwa akiota jambo jingine, kumpita Muhanna na kuingia mjini wa kwanza.

Kibwana naye alikuwa na jambo lake Lugoba. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Tabia, binti wa mkulima aitwaye Husseni, na Tabia alibaki kwao ili azae uzazi wa kwanza mikononi mwa mama yake, kama ilivyo ada. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wakamwita Mina. Arobaini ilikuwa imekwisha. Sasa Kibwana angewachukua mkewe na mwanawe awapeleke Dunda kwa Bi Miza, aliyekuwa hajamwona mjukuu wake hata mara moja.

Hapo Lugoba ndipo Majaliwa alipoanguka. Tumbo lilimkamata, akawa anaharisha damu, akalazwa ukumbini kwa Husseni hana nguvu hata ya kunusa ugoro. Bwana Humoud alikuja kumjulia hali akiwa tayari amefunga mkanda wa safari.

"Nipe siku mbili, bwana," Majaliwa alimwomba.

"Siku mbili, Muhanna atakuwa ameshauza na kufunga. Kibwana ataongoza."

"Kibwana hajui kuongoza."

"Hajui? Njia hii si amepita nawe mara ngapi sijui? Amezaliwa huko!"

"Njia anaijua, bwana. Sijasema hajui njia. Nimesema hajui kuongoza."

Bwana Humoud alicheka, akaona homa imepanda kichwani. Akaokota joho jekundu lililokuwa limekunjwa kando ya mkeka, akamvisha Kibwana kwa mkono wake mwenyewe. Kibwana akaona dunia imekuwa ndogo na yeye amekuwa mrefu zaidi. Alipopokea baragumu, Majaliwa alimshika kifundo cha mkono.

"Njiapanda ya mwisho, kabla ya mto Kingani. Njia ya kushoto ni ya viboko. Wao ndio wanaoifyeka kwa matumbo yao, na ni pana kuliko ile yetu. Mgeni ataiona ndiyo njia kuu. Izibe."

"Nitaiziba, fundi."

"Kwa mnyaa."

"Nitaiziba, fundi," Kibwana alisema, akiangalia pembeni.

Mzee alifungua kinywa kutaka kuongeza neno, lakini tumbo likamkata, wakamshika mabega wakampeleka uani. Nje, Bwana Humoud alikuwa akiita. Kibwana hakumngoja arudi.

Husseni aliwasindikiza mpaka mwisho wa shamba lake. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kusema maneno marefu. Aliushika mkono wa binti yake akautia katika mkono wa Kibwana, akasema, "Nakukabidhi amana mbili. Huyu hajaona bahari, wala hiyo njia haijui. Macho yake ni wewe." Mama yake Tabia alilia kidogo, akapiga vigelegele kidogo, kama afanyavyo kila mama.

Kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kunyonyesha, Tabia aliwekwa mkiani pamoja na Bi Mwaija, ambaye safari zake zote za bara zilikuwa kwa njia ya Saadani na hii hakuijua, na wapagazi wawili waliokuwa na vidonda miguuni, watu wa Unguu. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili Kibwana alikaza mwendo, na Bwana Humoud, juu ya punda wake mweupe, akamsifu mbele ya watu. Sifa ni tamu, na Kibwana akazidi kukaza. Adhuhuri ilipokaribia, ujumbe ulipokezanwa kutoka nyuma, mdomo kwa mdomo, mpaka ukamfikia ukiwa bado una ukali wake wote: "Bi Mwaija anasema, huko mbele ukumbuke kuwa huku nyuma wamo watu, siyo mbuzi wa Idi!"

Wapagazi wakacheka. Kibwana naye akacheka, akajibu, "Mwambieni apunguze kusema, atapata pumzi ya kutembea."

Jioni kambini Tabia alifika wa mwisho, miguu imevimba, kanga imelowa jasho na maziwa. Aliketi kando ya mumewe, akamtoa mtoto mgongoni.

"Baba Mina, leo nimekuona asubuhi na sasa hivi. Katikati nimekuwa mjane."

"Acha maneno hayo! Kesho utaniona nikiingia mjini. Utaona mke wa nani anapigiwa ngoma."

"Nitaonaje, na mimi niko nyuma huku nahesabu visigino vya watu? Tena leo hata visigino hatukuviona. Mmetupotea." Akamtia mtoto titi. "Tukifika penye njia mbili tutajuaje?"

Kibwana akamgusa shavu mtoto. "Nitakuwekea kitu njiani. Popote utakapoona kijani kibichi kimelazwa, usipite hapo. Pita pale palipo peupe. Ni mimi mwenyewe nitakayekuwa nimekiweka, kwa mkono wangu."

"Basi nitatafuta mkono wako," Tabia akasema, na uso wake ukatulia.

Siku ya tatu mvua iliamka pamoja nao. Ilikuwa mvua ya mwisho wa masika, nyembamba, isiyokoma. Nyasi zilikuwa zimempita mtu kimo. Mchana walisikia kwa mbali, upande wa mtoni, baragumu la watu wa Muhanna wakiita mitumbwi. Bwana Humoud akamchapa punda wake. "Bado hawajavuka! Kibwana, bado hawajavuka!"

Kwa mwendo ule, karibu mbio, Kibwana akaifikia njiapanda ya mwisho. Kushoto ilikwenda njia pana, laini, imelazwa nyasi zake pande zote mbili. Kulia ilikwenda njia ya misafara, nyembamba, imefunikwa nusu na majani ya mvua. Kibwana alisimama. Neno la Majaliwa lilimjia sikioni. Mnyaa alikuwa ameuona, lakini nyuma, penye ua wa mji uliohamwa, na kurudi kungewachelewesha wote.

"Vipi tena?" Bwana Humoud akauliza.

"Naziba njia, bwana."

"Basi ziba twende!"

Kando ya njia palikuwa na shamba la mtama, umestawi, majani mapana yanang'aa kwa mvua. Kibwana akachomoa jambia, akakata kicha kizima cha mtama mbichi, akaulaza katika mdomo wa njia ya viboko, kushoto kwenda kulia, akaupanga vizuri kama mtu atandikaye kitanda. Alirudi nyuma hatua akautazama. Ulikuwa kijani kibichi, hata kipofu angeuona. Alimfikiria Tabia akiuona, akatabasamu. Tena kazi imetimia bila uganga, alijisemea. Akapuliza baragumu, akaingia njia ya kulia.

Mtoni Mungu aliwapa bahati, au waliona ni bahati. Watu wa Muhanna walikuwa wakigombana na wavushaji, wamesimama makundi makundi, na Bwana Humoud, aliyewafahamu wavushaji wale tangu ujana, alipata mitumbwi kwanza. Watu wake walilia kwa furaha. Walifyatua bunduki hewani, moshi wa baruti ukatanda juu ya maji. Mzigo ukavushwa, watu wakavushwa, punda wakaogeleshwa kandokando ya mitumbwi. Mwangalizi wa punda alikuwa Ausi, mtu mnene wa kupenda mzaha, ambaye daima alikwenda na wanyama wake katikati ya msafara. Alipopanda ng'ambo, akikamua shuka lake, alimpiga Kibwana begani.

"Ama wewe ndiye kirangozi! Majaliwa miaka yote hiyo hajawahi kuwafikiria punda wangu. Wewe leo umewaandalia karamu."

"Karamu gani?"

"Ule mtama, bwana, pale njiapanda! Wa mbele alipouona alivuta kamba nusura aning'oe mkono. Nikasema waache nao wavunje jungu, kesho mfungo. Hawakubakiza hata bua. Ahsante sana."

Ausi akaenda zake akicheka. Hakuwa na ubaya wowote, na alama za njia hazikuwa kazi yake. Kibwana alisimama palepale. Kwa mara ya kwanza aliuona mnyaa kwa macho ya Majaliwa, mti mchungu wenye maziwa ya kuchoma, mti ambao mbuzi haugusi, ng'ombe haugusi, punda haugusi. Haukuwa uganga. Ulikuwa tawi litakalobaki tawi baada ya wote kupita. Mtu aliyetembea mkiani msimu mmoja tu angelijua hilo, kwa sababu huko ndiko mtu huiona njia ilivyoachwa na waliotangulia.

Alimwendea Bwana Humoud. "Bwana, sina budi nirudi. Watu wa mkiani hawana alama."

"Watafuata nyayo."

"Mvua inafuta nyayo, bwana. Wote ni wageni huku."

"Kibwana, mwanangu." Bwana Humoud alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomwangamiza kijana. "Watu wa Muhanna wanaanza kuvuka. Mji mzima umesikia baruti zetu. Nani ataingiza msafara wangu? Ausi na punda wake? Ingia nao, ukishafika geuka mara hiyo. Ni mwendo mfupi. Na huyo Mwaija, simba mwenyewe humwogopa."

Kibwana alitazama ng'ambo. Hakuona mtu, ila nyasi na mvua. Moyo wake mmoja ulimwambia vuka sasa hivi. Moyo wake mwingine ulimwonyesha mji, ngoma, mama yake mlangoni, na mtu mwingine amevaa joho jekundu. Akajiambia kwamba Tabia ana akili. Akajiambia watakuwa wameziona nyayo. Alijiambia mengi, na alipokwisha kujiambia alikuwa ameshaliinua baragumu.

Msafara wa Bwana Humoud uliingia Bagamoyo kabla ya alasiri, wa kwanza. Wanawake walirusha mchele, vijana waliimba, na Kibwana mbele yao alicheza ule mchezo wa kirangozi, hatua mbili mbele, moja nyuma, manyoya yakimtikisika kichwani. Watu walisema hawajaona kirangozi mzuri kama yule. Bi Miza alimkumbatia akilia, kisha akachungulia nyuma ya bega lake.

"Mkwe wangu yuko wapi? Na mjukuu wangu?"

"Wanakuja, mama. Wako nyuma."

Wali ulipakuliwa, nyama ikaletwa. Kila mtu alitaka kumwona, na Bwana Humoud alimwita aketi naye sahani moja. Kila alipotaka kuinuka, mkono ulimrudisha chini. Alipofanikiwa kuondoka, jua lilikuwa linatua nyuma ya mawingu. Alikwenda mtoni mbio, na wavushaji wakamkatalia katakata. "Saa hizi mto ni wa viboko," walisema. "Ngoja alfajiri." Aliwasihi, akawatukana, akawalilia. Hakuna aliyemsikiliza. Alikaa ukingoni, joho lake limelowa, akapuliza baragumu mpaka midomo ikamchanika, akitumaini mtu wa ng'ambo atajibu.

Kulipopambazuka walimvusha. Njiapanda ilikuwa kama alivyojua itakuwa. Palikuwa na vipande vichache vya bua vilivyotafunwa, mavi ya punda, na njia mbili zote nyeupe, iliyo pana zaidi ikiwa ile ya kushoto. Hakuona haja ya kutazama nyayo. Alikimbia njia ya viboko akiita jina la mkewe.

Njia ile ilishuka matoponi, ikaishia kwenye mafunjo. Hapo, juu ya mti uliolala, alimkuta Bi Mwaija. Kanga zake zote mbili amezivua akamfungia mtoto kifuani, na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka, uso umekuwa wa jivu. Mtoto alikuwa hai. Bi Mwaija alimtazama Kibwana, na ulimi wake ule haukuwa na ukali tena.

"Tulisimama njiapanda muda mrefu," alisema. "Mkeo alitafuta. Aliinama akatafuta huku, akatafuta kule. Akaniambia, 'Mwenyewe kasema ataweka kitu kibichi penye njia mbaya. Hapa hakuna, na kule hakuna. Basi zote ni nzuri.' Tukasikia baruti zenu. Tukasema ndio hao, wako karibu, tuchukue njia kuu." Alimkaza mtoto kifuani. "Tulipofika kwenye maji tuliita mtumbwi. Tuliita sana, Kibwana. Kisha tukageuka turudi, na kiboko alikuwa anapanda kutoka majini, na sisi tuko katika njia yake. Mkeo alinitupia mtoto."

Wapagazi wawili wa Unguu waliokuwa na vidonda miguuni hawakuonekana tena, mto ulikuwa umewachukua. Tabia alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amelala katika nyasi zilizolazwa. Kibwana alivua joho jekundu akamfunika nalo, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na Bi Mwaija hakumwambia anyamaze. Wavushaji walisaidia kumbeba. Tabia aliingia Bagamoyo siku ile, siku ya kwanza ya mfungo, akazikwa Dunda kabla ya adhuhuri, karibu na bahari ambayo hakuiona.

Mina alibaki kwa Bi Miza, akatafutiwa mama wa kumnyonyesha. Kibwana alilifua joho, akalikunja, akachukua baragumu, akashika njia ya Lugoba peke yake. Njia nzima alipanga maneno. Alipanga atakavyoanza, atakavyosema kudra ya Mungu, atakavyoomba radhi. Lakini habari njema zina miguu mirefu. Wapita njia waliotoka pwani siku ile ya ngoma walikuwa wamemtangulia.

Husseni alimwona kwa mbali, akaacha jembe, akaja mbio mikono wazi.

"Karibu, baba, karibu! Sifa zako zimefika kabla yako! Wanasema uliwapita watu wa Muhanna ukaingia mji mbele ya wote, watu wakarusha mchele. Mama yake tangu juzi hana kazi ila vigelegele. Haya, hawajambo wanangu?"

Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea Kibwana. Alikaa chini, palepale shambani, akaweka joho na baragumu mbele yake.

"Mina hajambo, baba. Yuko kwa mama."

"Na Tabia?"

Kibwana hakujibu. Mlangoni mama yake Tabia alikuwa amesimama akisubiri jibu, na alipoona halikuja, alilijua. Ukelele wake uliwatoa majirani mashambani. Majaliwa alitoka ukumbini akijikongoja kwa mkongojo, mifupa mitupu. Aliyatazama yaliyowekwa chini, akaelewa.

"Uliziba kwa nini?"

"Kwa mtama, fundi."

Mzee alifumba macho. "Punda," alisema. Kisha akasema, polepole sana, "Mkia ungekufunza. Nami ningekwambia sababu mapema, nisingojee mkia. Mungu atatuuliza sote wawili." Aliinama kwa shida, akaliokota baragumu, akaliingiza ndani, na hakulitoa tena kwa ajili ya mtu yeyote ambaye hajamaliza misimu yake miwili mkiani.

Husseni alibaki amesimama. Hakupiga kelele wala hakunyanyua jembe. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliomkabidhi binti yake, kana kwamba si wake.

"Waliniambia ulifika wa kwanza," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hukufika, mwanangu. Ulitangulia tu."

Akageuka, akaenda kumshika mkewe. Kibwana aliachwa peke yake kati ya mashamba, na wala hapakuwa na mtu aliyemkaribisha ndani. Wahenga hawakukosea hata kidogo: kutangulia si kufika.